Siku Nne kwa Miguu Katika Mji wa Oaxaca

Kuishi kwingi ni kuona mengi. Mimi ni mtu mzima mwenye wajukuu, tena nimefanya kazi ya ukarani na ya shamba, na nilidhani kwamba mambo ya kufundishwa yalikwisha kunipita. Sikupata kufikiri hata siku moja kwamba ningesafiri mpaka Meksiko, ng'ambo ya Bahari ya Atlantiki, ili nikaonyeshwe huko kosa nililolifanya nyumbani kwa mama yangu mzazi. Basi nawaomba wasomaji wanistahimili, niwasimulie habari za mji wa Oaxaca, ambao wenyeji huutamka "Wahaka", na za siku nne nilizouzunguka kwa miguu.

Mji huo uko kusini mwa Meksiko, katika bonde lililozungukwa na milima, kiasi cha mita 1,550 juu ya bahari. Mtu atokaye Nairobi au Nakuru hataona hewa yake kuwa ngeni: asubuhi kuna baridi kidogo, mchana jua ni kali, na mvua hunyesha kwa majira yake. Wakazi wake wapita 250,000. Jina lake limetokana na lugha ya Waazteki, ambao walikuwa na kambi ya askari mahali hapo mwishoni mwa karne ya 15, na maana yake yahusu miti iitwayo guaje iliyoota hapo kwa wingi. Mti huo ni wa jamii ya lusina, ule ambao wakulima wetu wengi huupanda kwa ajili ya lishe ya mifugo. Lakini kabla ya Waazteki, na kabla ya Wahispania waliokuja baada yao, bonde lile lilikuwa la Wazapoteki, ambao kwa lugha yao hujiita watu wa mawingu. Jirani zao ni Wamiksteki, watu wa mvua. Makabila hayo hayakwisha. Yangalipo mpaka leo, na Kizapoteki peke yake husemwa na watu zaidi ya laki nne nchini Meksiko.

Asubuhi ya kwanza nilitaka kukodi gari. Kijana mmoja mwenyeji, mwanafunzi wa ualimu aliyejua Kiingereza, ndiye aliyekubali kuniongoza, naye akakataa. Akasema, "Mzee, ukipanda gari utaona kuta tu. Njoo twende kwa miguu, utaona na watu." Nikaona haya kubishana naye, maana nilikulia mahali ambapo mwendo wa maili sita kwenda shule ulikuwa jambo la kila siku. Tukaondoka.

Jambo la kwanza mgeni aonalo ni jinsi njia zilivyonyoka. Mwaka 1529 mpima ardhi wa Kihispania, Alonso García Bravo, ambaye ndiye pia aliyeupima mji mkuu wa Meksiko, aliligawanya bonde kwa njia zinazokatana sawasawa kama mistari ya daftari la hesabu, na katikati akaacha uwanja. Mwaka 1532 mfalme wa Hispania akapatia mahali hapo cheo cha mji. Mpaka leo ukisimama katika uwanja ule, chini ya miti mikubwa ya jamii ya mkuyu, utaona kanisa kuu upande mmoja, na jengo la zamani la serikali upande wa pili, na pande zote wazee waliokaa juu ya viti vya mawe wakisoma magazeti na kung'arishiwa viatu. Nyumba ni fupi na kuta zake ni nene, kwa kuwa nchi ile hutetemeka mara kwa mara, na wajenzi walijifunza kwa hasara kwamba mnara mrefu hauna maisha. Mawe yake mengi yana rangi ya kijani kidogo, na mvua ikinyesha hung'aa kana kwamba mji mzima umepakwa rangi usiku ule.

Mwaka 1987 UNESCO, shirika la Umoja wa Mataifa la elimu, sayansi na utamaduni, liliuandika mji huo mkongwe, pamoja na magofu ya Monte Albán yaliyo juu ya mlima karibu nao, katika orodha ya urithi wa dunia nzima. Nilipomsifia kijana yule majengo ya Wahispania, akanijibu kwa adabu, "Mzee, Wahispania walitoa amri na michoro. Mawe yalichongwa na babu zetu." Tangu hapo kila nilipogusa ukuta nilitafuta alama za patasi.

Siku ile ile alinipeleka katika njia iitwayo García Vigil, tukaingia nyumba moja ya chini yenye ua na kisima. Hiyo ndiyo nyumba aliyolelewa Benito Juárez, na sasa imehifadhiwa ili watu waione. Habari zake zafaa kusimuliwa kwa vijana wetu. Alizaliwa tarehe 21 Machi 1806 katika kijiji cha Guelatao, milimani, mtoto wa Wazapoteki. Wazazi wake walikufa angali mdogo sana, akalelewa na ami yake, akachunga kondoo. Hapakuwa na shule kijijini, na lugha yake ilikuwa Kizapoteki. Ami yake alijua Kihispania kidogo akawa akimfundisha, na Juárez mwenyewe aliandika baadaye kwamba yeye ndiye aliyekuwa akimpelekea ami yake mjeledi, ili amchape kama hakulijua somo lake. Ni watoto wangapi leo wapelekao fimbo kwa mwalimu?

Tarehe 17 Desemba 1818, akiwa na umri wa miaka kumi na miwili, alitoroka kwa ami yake akaja mjini kwa miguu, mwendo wa milima na mabonde, akafika usiku wa siku ile ile. Dada yake alikuwa mpishi katika nyumba ya mtu mmoja mjini, akampokea. Kisha fundi mmoja wa kujalidi vitabu, Antonio Salanueva, akamchukua katika nyumba ile niliyoiona, akamtia shuleni. Mchunga kondoo yule akawa mwanasheria mwaka 1834, akawa Gavana wa Oaxaca, na tangu mwaka 1858 mpaka alipokufa mwaka 1872 alikuwa Rais wa Meksiko. Mke wake alikuwa binti wa nyumba ile ile ambamo dada yake alipika. Hata jina kamili la mji sasa ni Oaxaca de Juárez.

Nilisimama mbele ya meza ya kujalidia vitabu, nikaona fahari kama kwamba ni ndugu yangu. Lakini kijana akaniambia jambo ambalo halikuandikwa kwa herufi kubwa. Sheria za chama cha Juárez na wenzake, hasa ile ya mwaka 1856, zilivunja umiliki wa pamoja wa ardhi, na vijiji vingi vya wenyeji vikapoteza mashamba vilivyoyashika tangu zamani. "Tunampenda," akasema, "lakini si kila alichokifanya kilitufaa." Nikalihifadhi neno hilo. Mtu aweza kutoka kwa watu wake akapanda mpaka juu kabisa, na kwa nia njema akawaondolea kitu ambacho hakujua thamani yake. Wakati ule nilidhani nasikia habari za Juárez tu.

Siku ya pili tulikwenda kwenye kanisa la Santo Domingo. Kazi ya kulijenga ilianza katika karne ya 16, ikaendelea kwa zaidi ya miaka mia moja. Nje ni jiwe tupu, lakini ukivuka mlango na kuinua macho, kichwa chakuzunguka kwa wingi wa dhahabu. Juu ya mlango, kwenye dari, umechongwa mzabibu wenye watu katika matawi yake, nao ndio ukoo wa Mtakatifu Dominiko.

Kwa nini mji ule uliweza kuwa na utajiri namna hiyo? Sehemu kubwa ya jibu ni mdudu mmoja mdogo kuliko punje ya mtama. Hukaa juu ya mpungate na hufanana na unga mweupe uliomwagika. Ukimponda kiganjani hutoa rangi nyekundu kama damu. Ukitia maji ya ndimu rangi huwa kali zaidi, na ukitia majivu hugeuka zambarau. Wazapoteki na Wamiksteki waliwafuga wadudu hao zamani za kale. Wahispania walipoiona rangi hiyo waliipeleka Ulaya, ikatiwa katika mavazi ya wafalme na maaskofu, na katika bidhaa zilizotoka Meksiko ilizidiwa thamani na fedha tu. Wafugaji walikuwa wenyeji maskini, na faida ilikwenda kwa wafanya biashara. Katika karne ya 19 rangi za viwandani zilipopatikana, biashara ile ikaanguka. Hadithi hiyo mkulima wa mkonge au wa pareto ataifahamu bila kuelezwa.

Karibu na kanisa kuna nyumba kubwa ya watawa, ambayo kwa zaidi ya miaka mia moja ilikuwa kambi ya askari. Askari walipoondoka katika miaka ya 1990, palikuwa na mawazo mengi juu ya kiwanja kile kikubwa katikati ya mji. Francisco Toledo, mchoraji mashuhuri wa Kizapoteki aliyefariki mwaka 2019, pamoja na wenzake, walishikilia kwamba pawe bustani ya mimea ya jimbo lile. Wakashinda. Leo palipokuwa pakifanywa gwaride pana mipungate mirefu kama nguzo, na mikonge, na guaje, na mahindi. Nayo nyumba ya watawa tangu mwaka 1998 ni makumbusho. Humo nimeona hazina ya Kaburi la Saba, iliyochimbuliwa Monte Albán mwaka 1932 na Alfonso Caso: mikufu ya dhahabu, mifupa iliyochorwa kwa ustadi mkubwa, na fuvu la kichwa lililofunikwa vipande vya feruzi. Kaburi lilikuwa la Wazapoteki, na Wamiksteki walilitumia tena baadaye kuwazika wakubwa wao.

Siku ya tatu ilikuwa Jumamosi, siku ya soko kubwa. Tulitoka mapema tukafuata watu. Wanawake walikuwa wakishuka katika mabasi na vikapu vyao, nywele zimesukwa na kufungwa kwa utepe, shuka begani, na kila penye wawili palisikika Kizapoteki au lugha nyingine ya milimani. Niliona pilipili za namna nyingi zimepangwa kwa mafungu. Nyanya, maharagwe, maboga, mapapai, na kakao, vyote vikiwa ni mimea iliyotoka katika bara lile. Niliona panzi waliokaangwa kwa chumvi na ndimu, wanauzwa kwa kikombe. Kijana alinitazama aone kama nitakunja uso. Nikatia mkono, nikala. Kwetu twala kumbikumbi. Panzi hawezi kunishinda. Wanawake wote waliokuwa karibu wakacheka kwa furaha, na tangu hapo sikuwa mgeni tena.

Mama mmoja alikuwa amekaa mbele ya bakuli kubwa la udongo akiuza kinywaji cha mahindi na kakao chenye povu jeupe juu, naye alikichota kwa kata ya kibuyu. Mwingine alioka chapati nyembamba za mahindi juu ya kikaango kipana cha udongo, na nyuma yake lilikuwapo jiwe la kusagia, sawa kabisa na lile alilosagia bibi yangu wimbi. Nilitaka kujua chapati zile hufanywaje, na kijana akanitafsiria. Kwanza mahindi huchemshwa katika maji yaliyotiwa chokaa, yakaachwa usiku kucha. Asubuhi huoshwa, maganda yakatoka, ndipo yakasagwa yangali na maji.

Nilifikiri ni jambo la ladha tu, kumbe ni elimu kubwa. Ndani ya mahindi mna vitamini moja ambayo mwili hauwezi kuipata vizuri mpaka chokaa iifungue. Watu wa Ulaya walipoyachukua mahindi hawakuichukua desturi ile. Matokeo yake, maskini waliokula mahindi karibu bila kitu kingine, katika Italia na baadaye kusini mwa Marekani, walishikwa na ugonjwa uitwao pelagra, ambao huibabua ngozi, huharisha, na huvuruga akili hata mtu akafa. Wataalamu walihangaika miaka mingi kuutafuta mzizi wa ugonjwa ambao akina mama wa Meksiko hawakuwa nao. Mbegu ilichukuliwa, akili iliyoambatana nayo ikaachwa.

Jirani ya mwoka chapati alikuwako mama mzee aliyeuza mahindi yenyewe. Yalikuwa yamepangwa juu ya mkeka: meupe, ya njano, mekundu, na meusi yenye ubuluu kama mbingu ya jioni. Mengine yalichanganya rangi zote katika gunzi moja. Nikainama, nikashika moja jeusi, na moyo ukanipiga, maana nilipata kuyaona zamani, wala si Meksiko.

Nikamwuliza kwa kinywa cha kijana, "Mama, mbegu hii waliinunua wapi?"

Akajibu kwa Kihispania, "Hainunuliwi, baba. Ilikuwa ya mama yangu, na kabla yake ya mama yake."

"Na kwa nini hupandi mbegu mpya zizaazo zaidi?"

"Wako majirani wapandao, na walio na maji huvuna vizuri. Shamba langu liko juu, penye mawe. Haya meusi huvumilia mvua ikichelewa, na haya ya njano huwahi. Nikipanda rangi moja tu, mwaka mbaya utaninyang'anya yote." Kisha akamgeukia mwenzake, wakasemezana kwa Kizapoteki, wakacheka. Nikamtazama kijana anitafsirie, naye akatazama chini. Yule mama akaninyoshea kidole akaniuliza, "Na kwenu, mahindi ya mama yako ni ya rangi gani?"

Nikajibu, "Ni meupe." Nilikuwa nimesema uongo.

Siku ya nne tulipanda Monte Albán. Ni mwendo wa kiasi cha kilomita tisa kutoka uwanja wa mji, na sehemu ya mwisho ni mlima mtupu. Kiasi cha miaka 500 kabla ya kuzaliwa Kristo, Wazapoteki walikisawazisha kilele cha mlima ule, ambacho kiko karibu mita 400 juu ya bonde, wakafanya uwanja wenye urefu wa mita zipatazo 300, na pande zake zote wakajenga ngazi, mahekalu, na uwanja wa kuchezea mpira. Walikuwa na maandishi yao wenyewe, na kalenda yao. Mji ule ulisimama zaidi ya miaka elfu moja, ukaachwa kati ya mwaka 800 na 900 baada ya Kristo.

Kuna mawe zaidi ya 300 yaliyochongwa watu walio uchi, viungo vimepinda. Zamani wageni waliyaita mawe ya wachezaji, wakidhani kwamba watu wale wanacheza ngoma. Sasa wataalamu wengi waona kwamba ni maiti za mateka waliouawa. Nami nasema hivi ili msomaji asidhani kwamba naisifu kila kitu cha kale. Wakuu wa Monte Albán walishinda wengine na kuwatoza kodi, wakaandika ushindi wao juu ya mawe. Wazee wa kila taifa walikuwa binadamu. Lakini mahekalu yale yameanguka, wafalme wale hawana hata majina tuyajuayo vizuri, na kilichobaki hai katika kazi zao zote kilikuwa juu ya mkeka wa yule mama sokoni.

Tulikaa juu ya ngazi ya kusini tukala chapati zetu. Chini yetu mabonde matatu yalikutana, na mashamba ya mahindi, maharagwe na maboga yaliyopandwa pamoja yalionekana kama viraka vya kanzu. Kijana akanyosha mkono mashariki, akaniambia kwamba upande ule, karibu na mji wa Mitla, liko pango liitwalo Guilá Naquitz. Katika pango hilo yalipatikana magunzi madogo ya mahindi yenye umri wa miaka ipatayo 6,250, na mbegu za maboga za miaka ipatayo 10,000. Mahindi asili yake ni jani la porini lenye punje chache, ngumu kama changarawe. Watu wa Meksiko ndio waliolichagua mwaka baada ya mwaka, punje kwa punje, mpaka likawa chakula. Wareno walianza kuyaleta Afrika katika karne ya 16, nasi tukayaita mahindi, kana kwamba yametoka Hindi. Ugali wote nilioula tangu kuzaliwa kwangu ulianza kwa subira ya watu wale, ambao majina yao hayakuandikwa popote.

Ndipo kijana akaniambia bila kuulizwa, "Mzee, jana sikukutafsiria walichosema wale akina mama kwa sababu sikujua. Kizapoteki sikijui. Mama yangu alipigwa shuleni kwa kukisema, akaapa kwamba watoto wake hawatapigwa. Alituficha lugha kama mtu afichaye kisu. Sasa nasomea ualimu, nitapelekwa milimani, na watoto wa darasani watanizidi mimi."

Nikamsimulia habari za kibao tulichovishwa shingoni katika shule yetu nilipokuwa mdogo. Aliyekutwa akisema lugha ya mama yake alikivaa mpaka amnase mwenzake, na jioni wote waliokivaa siku ile walipigwa. Tulijifunza Kiingereza, ndiyo. Tulijifunza pia kupeleleza wenzetu, na kuona haya kila mama zetu walipotuita mbele ya watu.

Na kwa kuwa yeye alikuwa ameniambia kweli, nami nikamwambia yangu. Mama yangu alikuwa na mahindi ya rangi, meusi na mekundu na yaliyochanganyika, aliyoyatundika darini juu ya meko ili moshi uyalinde na wadudu. Mwaka 1994 nilirudi nyumbani na mshahara wangu wa ukarani, nimenunua mfuko wa mbegu za dukani. Nikapanda darini kwa mikono yangu, nikayashusha yote. Nikamwambia mama, "Haya ni taka, wape kuku." Hakunijibu neno. Sitasema uongo mara ya pili: mwaka ule tulivuna magunia mengi zaidi, na mbegu zile zimelisha watu wengi katika nchi yetu. Kosa langu halikuwa kuleta mbegu mpya. Kosa langu lilikuwa kuitupa ya zamani bila kumwuliza aliyeitunza, kwa sababu tu mimi nilikuwa nimevaa tai. Mbegu za dukani hununuliwa kila mwaka, kwa kuwa ukipanda tena ulichokivuna nguvu yake hupungua. Mwaka ambao sina fedha, sina mbegu.

Kijana akakaa kimya, kisha akaniuliza, "Mama yako yu hai?" Nikasema, "Yu hai." Akasema, "Basi mwulize."

Tulipokuwa tukishuka alinieleza desturi mbili za vijiji vyao. Moja ni tequio, ambayo ni kazi ya pamoja isiyo na mshahara, ya kutengeneza njia au kuchimba mfereji. Nyingine ni guelaguetza. Jina hilo siku hizi ni la sikukuu kubwa ya ngoma ifanywayo mjini kila Julai, ambayo wageni huijia kwa maelfu. Lakini maana yake ya asili ni kupeana. Kwenye arusi jirani huleta kuku, mahindi au kakao, na wenye nyumba huandika kila kitu katika daftari, ili siku ya jirani ije kulipwa sawasawa. Mimi niliyekuwa karani nikazipenda habari za daftari hilo. Hapo hapo nikajiuliza, je, kama mama yangu angaliandika daftari lake, upande wangu ungesomekaje?

Nilirudi nyumbani mwezi wa kumi. Jioni ya kwanza, baada ya chai, nikamwuliza mama kama ipo hata punje moja ya yale mahindi ya zamani. Alinitazama kwa muda mrefu. Akasema, "Ulisema ni taka. Wewe ndiwe uliyesoma, mwanangu, nami nikakutii. Kuku waliyala siku tatu." Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililonichoma.

Nikaanza kutembea kwa miguu tena, safari hii katika nchi yangu. Katika vijiji vitatu wazee waliniambia kwamba waliyatupa zamani, kwa kuambiwa na watoto wao. Katika kijiji cha nne shangazi wa mke wangu alinipa mahindi mawili, moja jekundu na moja lenye rangi tatu. Si yale ya mama, lakini ni ndugu zake. Nilipanda punje zote katika kipande kidogo nyuma ya jiko, mbali na shamba kubwa, tena majuma manne baada ya yale mengine, maana mahindi hupandishwa na upepo, na yakichanua pamoja na jirani zake yatachanganyika. Shamba kubwa bado nalipanda mbegu za dukani, na sioni haya kusema hivyo.

Yalipofikia kiuno nilimwona mama asubuhi moja akipita katikati ya mistari na fimbo yake, akigusa majani. Alikuwa akisema na mjukuu wangu kwa lugha yetu, akimwonyesha bua ambalo litazaa meusi na litakalozaa mekundu, na jinsi ya kulitambua lingali changa. Mimi, mwenye shamba, sikujua kwamba jambo hilo laweza kutambulikana. Nikachukua daftari, nikawafuata nyuma, nikaandika.